Mirathi Lubumbashi: jaji, imamu, pastere na jamaa. Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayokuja kilio kikishaondolewa na watu wakaanza kuuliza sertifika ya nyumba iko kwa nani. Majibu ni ya Lubumbashi na Haut-Katanga. Sheria tunayoitaja sana hapa ni Code de la famille, yaani sheria namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, kama ilivyorekebishwa na sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016.

Je, Kongo kuna mahakama ya kadhi?

Hakuna. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema tangu kifungu cha kwanza kwamba Serikali haina dini, na kifungu cha 149 kinapotaja mahakama za nchi hakitaji ya msikiti wala ya kanisa. Mwenye ndugu Mombasa hushangaa, kwa sababu Kenya kadhi yumo ndani ya Katiba ya 2010, kifungu cha 170: anasikiliza ndoa, talaka na mirathi pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda kwake. Watu wanasikia habari hizo kwa simu na kuzileta Ruashi kana kwamba ni sheria ya hapa.

Imamu, baraza la wazee wa msikiti, kamati ya parokia, viongozi wa shirika, pastere: hapa kwetu hao wote ni wapatanishi.

Basi kikao cha msikitini au cha parokia kina nguvu gani?

Kina nguvu ya makubaliano. Watu wazima wenye haki zao wakikaa, wakaelewa na wakatia sahihi, wamefungana kwa neno lao, na jaji akiletewa karatasi hiyo ataitazama kwa heshima mradi haivunji sheria. Asiyekubali hafungwi na kikao hicho. Mtoto wa miaka 15 hafungwi pia, hata kama alikuwepo na alitikisa kichwa.

Kisha kuna jambo ambalo watu wanalisahau mpaka siku ya kuuza: kikao cha dini kinaweza kugawa, lakini hakiwezi kuhamisha. Konservatere wa hati za ardhi hapokei barua ya imamu. Benki haiipokei. Mnunuzi mwenye akili zake haipokei. Hata mkielewana vizuri kiasi gani, bila karatasi ya Serikali nyumba itabaki kwenye jina la marehemu, na miaka kumi baadaye wajukuu watagombana upya.

Sheria ya Serikali inagawa vipi?

Inaanza kwa kutenganisha kilichokuwa cha marehemu na kilichokuwa cha bibi au bwana aliyebaki. Wengi wa waliofunga ndoa bila kuchagua utaratibu wa mali wako chini ya ule wa mali iliyochumwa pamoja: nyumba iliyonunuliwa ndani ya ndoa ni ya wote wawili. Mmoja akifa, nusu ya mwenzake haingii kwenye mirathi. Si zawadi, ni yake. Shemeji wengi hawajawahi kuambiwa hivyo, au wameambiwa na wakajifanya viziwi.

Nusu ya marehemu ndiyo inayogawanywa. Kifungu cha 758 kinapanga warithi kwa daraja. Daraja la kwanza ni watoto: wa ndani ya ndoa, wa nje waliotambuliwa rasmi, na walioasiliwa. Daraja la pili lina vikundi vitatu: mjane (mke au mume), wazazi wa marehemu, na ndugu zake wa tumbo moja au wa upande mmoja. La tatu ni wajomba, mashangazi, baba wadogo na mama wakubwa wa marehemu mwenyewe, ambao hawapati kitu kama madaraja ya mbele yana watu.

Watoto wanachukua robo tatu na kugawana sawa kwa sawa, mvulana na msichana, mkubwa na mdogo. Robo inayobaki inaenda daraja la pili. Vikundi vyote vitatu vikiwepo, kila kimoja kinapata sehemu moja ya kumi na mbili ya mirathi yote.

Zaidi ya hayo, kifungu cha 785 kinampa mjane haki ya kukaa katika nyumba ya ndoa na kutumia vyombo vyake. Haki hiyo inaweza kwisha akiolewa tena. Kilio cha siku arobaini hakiimalizi, kikao cha baba wadogo hakiimalizi.

Na mirathi ya Kiislamu inagawa vipi? Tofauti ni kubwa kweli?

Ni kubwa, ila haiko pale watu wanapoiona. Tuchukue mfano wa kutunga.

Mzee mmoja wa Katuba, mstaafu wa reli, amefariki. Ameacha parsele moja yenye nyumba kubwa mbele na vyumba vitatu vya kupangisha nyuma, thamani tuseme dola 24 000. Alinunua akiwa ameoa bibi wa kwanza, ndoa ikaandikwa komine, ofisi ya Serikali ya mtaa. Baadaye alimwoa bibi wa pili kwa nikaha, ndoa ya Kiislamu. Watoto ni watano: wavulana watatu, wasichana wawili, wote wametambuliwa rasmi. Mama yake mzee yuko hai, na ana ndugu. Madeni na gharama za mazishi zimeshalipwa.

Kwa Code de la famille: dola 12 000 zinatoka kwanza, ni nusu ya bibi wa kwanza. Mirathi ni 12 000 zilizobaki. Watoto wanapata 9 000, kila mmoja 1 800. Bibi wa kwanza anaongezewa 1 000, mama mzee anapata 1 000, ndugu wanagawana 1 000. Bibi wa pili hapati kitu kama mjane.

Kwa faraidhi ya Kisunni, yaani hesabu ya mirathi ya Kiislamu, tukichukulia kwamba nyumba yote ilikuwa mali ya mzee peke yake: wajane wakiwepo pamoja na watoto wanagawana thumni (moja ya nane), yaani 3 000, kila bibi 1 500. Mama anachukua sudusi (moja ya sita), 4 000. Zinabaki 17 000 za watoto, mvulana mara mbili ya msichana: kila mvulana 4 250, kila msichana 2 125. Ndugu hawapati, kwa sababu wavulana wapo.

Sasa angalia. Kila mtu kwenye kilio anabishana juu ya msichana kupata nusu ya mvulana, na katika hesabu hii msichana amepata zaidi msikitini kuliko mahakamani. Aliyeanguka zaidi ni bibi wa kwanza, kutoka 13 000 hadi 1 500. Waliopanda ni bibi wa pili na mama mzee, pamoja na watoto. (Msichana wa bibi wa kwanza atamrithi pia mama yake siku moja, kwa hiyo usikimbilie kusema faraidhi imemfaa. Piga hesabu ya jamaa yako wenyewe.)

Ndiyo maana swali la kwanza la kumpelekea imamu ni hili: nyumba hii ilijengwa kwa pesa ya nani? Faraidhi yenyewe haigawi mali ya mtu aliye hai. Kama bibi aliuza unga na samaki sokoni miaka yote hiyo na pesa ikanunua mabati, sehemu yake inatoka kabla ya thumni kuhesabiwa. Imamu mjuzi anauliza hilo mwenyewe. Asipouliza, mama aseme, na alete mashahidi na karatasi alizo nazo. Hapo umbali kati ya msikiti na mahakama unapungua sana.

Wakipingana, nani anashinda?

Jaji. Kifungu cha 153 cha Katiba kinamwambia atumie mikataba ya kimataifa iliyoidhinishwa, sheria, na mila pale isipopingana na sheria, utulivu wa umma na maadili mema. Dini haimo katika orodha hiyo. Mmoja tu kati ya warithi ambaye hakukubali akipeleka shauri mahakamani, hesabu inarudi kuwa ile ya Code de la famille.

Imamu (au pastere) amesema anayeenda mahakamani amekosea dini. Ni kweli?

Hilo la dini hatuwezi kulijibu kwa niaba yake. Kwa sheria, hakuna mtu anayeweza kukuzuia kwenda mbele ya jaji, na hakuna kikao kinachoweza kukutoza faini kwa sababu umeenda. Tunachoona ni kwamba mara nyingi anayesema maneno hayo kwa sauti kubwa ni ndugu aliyekwishashika funguo za nyumba, na imamu mwenyewe hakusema hivyo.

Mimi ni bibi wa pili, nikaha ilifungwa mbele ya wazee. Nina haki gani?

Hapa hatutakupa maneno matamu. Kifungu cha 354 kinakataza mtu kufunga ndoa mpya kabla ya ile ya kwanza kuvunjika. Kama bibi wa kwanza yuko kwenye rejista, mbele ya Serikali wewe si mjane: huna sehemu ya moja ya kumi na mbili, huna nusu ya mali, huna haki ya kukaa nyumbani kwa jina hilo.

Una milango mingine. Watoto wako wakiwa wametambuliwa rasmi na baba yao, kila mmoja anapata sawasawa na wa bibi wa kwanza, bila kupunguziwa hata faranga. Kitu ulichonunua kwa jina lako ni chako. Na makubaliano ya jamaa yanaweza kukupa kile ambacho jaji hatakupa, kwa kuwa mtu mzima yuko huru kutoa sehemu yake mwenyewe. Kwa hiyo, kwako wewe kikao cha msikitini kina faida kuliko kwa mtu mwingine yeyote katika ukurasa huu. Kipiganie kifanyike, na kiandikwe.

Tulifunga ndoa kanisani tu, hatukupita komine. Je?

Ndoa ya kanisani peke yake haizai haki za kiserikali, kama vile nikaha peke yake. Lakini usikate tamaa haraka. Sheria inatambua ndoa iliyofungwa kati ya jamaa mbili kwa mila, halafu ikaandikwa. Kama mahari ilitolewa na ikapokelewa mbele ya mashahidi, na hakukuwa na ndoa nyingine, avoka (wakili) anaweza kuomba mahakama itoe hukumu ya kuziba pengo la hati. Tafuta waliokuwepo siku ya mahari, tafuta daftari lililoandikwa vitu vilivyotolewa, tafuta picha. Pastere aje kama shahidi wa jinsi mlivyoishi. Cheti chake cha ndoa kiambatanishwe, ila kisitegemewe peke yake.

Kwetu mrithi ni mpwa. Mjomba amefariki, jamaa ya kijijini wamekuja na lori.

Wabemba, Walamba na wengine wa upande wa kusini wanahesabu ukoo kwa mama, na kwa mila yao mtoto wa dada ndiye anayerithi jina la mjomba. Waluba wa Katanga wanafuata baba. Lubumbashi jamaa hizi zimeoana tangu zama za Union Minière, kampuni ya madini ya wakoloni, kwa hiyo kilio kimoja kinaweza kuwa na mila mbili zinazopingana kabla hata dini haijaingia.

Jina, kiti, mkuki, uongozi wa ukoo: hayo ni ya mila, na jaji hana haja nayo. Parsele, gari, pesa za benki na vyumba vya kupangisha ni vya Code de la famille, na humo mpwa hayumo katika daraja la kwanza. Anaweza kuingia kwa njia ya wosia, au watoto wakimpa kwa hiari.

Watu wanaposema mlangoni, "Hii nyumba ni ya jamaa, haiko ya bibi," usijibu kwa matusi. Omba mwenye kusema atoe karatasi. Piga picha za vitu vyote, chumba kwa chumba, na umwite shefu wa kartie (mkuu wa mtaa) aone hali ilivyo. Lori likishapakia friji na mashine ya kushonea, kuvirudisha ni kazi ya miaka.

Watoto wa nje wametokea kwenye kilio. Wanarithi?

Wakiwa wametambuliwa na baba, ndiyo, na sawa na wengine. Sheria inataka mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa atambuliwe ndani ya miezi 12 baada ya kuzaliwa, na kifungu cha 591 kinasema kila mtoto wa Kikongomani lazima awe na baba. Kama baba hakufanya hivyo, shauri la kutafuta ubaba linaweza kufunguliwa; la mtoto mdogo linaenda mahakama ya watoto.

Katika faraidhi mtoto wa nje ya ndoa hamrithi baba. Vikao vingi vya msikitini vinavunjika hapa. Njia iliyowahi kusaidia ni jamaa kumpa mtoto huyo sehemu kwa njia ya zawadi, bila kubishana juu ya jina la sehemu hiyo. Wamtambue rasmi au wasimtambue ni jambo la karatasi zake; kula kwake kusingoje fatwa.

Nani anakuwa likidatere, yaani msimamizi wa mirathi?

Kama hakuna wosia uliomtaja mtu, ni mrithi mwenye umri mkubwa kuliko wote. Akikataa, warithi wanamteua mwingine. Mahakama inamthibitisha. Sheria imesema *mrithi*. Mzee wa ukoo asiyerithi hawezi kujiweka hapo kwa sababu ya mvi zake.

Likidatere si mwenye mali. Anaorodhesha vitu, analipa madeni, anakusanya kodi za wapangaji, anagawa, anatoa hesabu. Kuchaguliwa mtu anayeheshimiwa msikitini au kanisani ni vizuri, ila amana nzuri inataka daftari. Omba hesabu kila mwezi tangu mwezi wa kwanza, wakati bado mnacheka pamoja.

Kaka mkubwa ameuza parsele peke yake. Tufanye nini?

Haraka. Kuuza nyumba isiyo yako ni kosa la jinai linaloitwa stellionat, na parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) inaweza kumfuata. Lakini kumfunga kaka hakurudishi nyumba, kwa hiyo siku hiyohiyo avoka aandikie konservatere kupinga mutasyo, yaani kubadilishwa kwa jina kwenye hati, na afungue shauri la kufuta mauzo. Kwa sheria ya ardhi namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, haki juu ya ardhi iliyopimwa inathibitishwa na sertifika ya usajili. Mnunuzi akishapata yake na miaka miwili ikapita, kuitingisha kunakuwa kugumu mno. Jamaa nyingi zinapoteza miaka hiyo miwili katika vikao: leo kwa shangazi, kesho kwa pastere, baadaye kwa imamu. Fungueni shauri kwanza, halafu kaeni vikao. Shauri linaweza kufutwa mkielewana.

Tuende mahakama gani?

Ugomvi wa mirathi wenyewe unaenda mahakama ya amani, ile inayoitwa Tripaix. Hivyo ndivyo ilivyopangwa na sheria namba 13/011-B ya tarehe 11 Aprili 2013. Rufaa iko Grande Instance, mahakama iliyo juu yake. Ugomvi ukihusu sertifika yenyewe, au mkitaka nyumba itoke kwenye jina la marehemu iingie kwenye la warithi, mlango ni Grande Instance: rais wake ndiye anayetoa amri ya kuwathibitisha warithi, ambayo konservatere anaidai kabla ya kugusa kitabu chake. Kukosea mlango kunakula pesa na muda, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Tumeelewana msikitini. Tufanye nini ili makubaliano yasife?

Hili ndilo swali tunalopenda, na linaulizwa na wachache.

Kwanza, kabla hamjagawa, kila mmoja aambiwe kwa Kiswahili angepata nini mahakamani. Aambiwe kwa nambari, kama tulivyofanya kwa mzee wa Katuba. Dada anayejua kwamba sheria inampa 1 800 na akakubali sehemu nyingine kwa sababu ya imani yake, ametoa kwa hiari. Dada ambaye hakuambiwa, akigundua baadaye, atasema alidanganywa, na jaji anaweza kumsikiliza. Viongozi wa dini wengine wanaogopa kusoma hesabu hiyo mbele ya watu wakidhani itavunja kikao. Tumeona kinyume chake. Kinachovunja jamaa ni dada kuja kujua miaka mitano baadaye kutoka kwa jirani.

Pili, andikeni. Karatasi iitwe procès-verbal ya baraza la jamaa, kwa Kifaransa, na isomwe kwa Kiswahili kabla ya sahihi. Iwe na majina kamili kama yalivyo kwenye kadi ya uchaguzi, uhusiano wa kila mtu na marehemu, orodha ya mali pamoja na namba ya sertifika au fishi ya parsele, nani anapata nini, na maneno kwamba mtu fulani anajua haki yake kisheria na anaiachia fulani sehemu kadhaa. Imamu au pastere atie sahihi kama shahidi. Asiandikwe kama aliyehukumu, maana neno hilo moja linaweza kumfanya jaji aisukume karatasi pembeni.

Tatu, sehemu za watoto wadogo zisiguswe. Zibaki kama Code de la famille ilivyoziweka, mvulana na msichana sawa. Wakubwa wanaweza kupunguziana wenyewe.

Nne, haki ya mjane kukaa nyumbani iandikwe waziwazi. Kama amekubali kuhama, iandikwe anahamia wapi na nani analipa, na asihame kabla pesa haijafika mkononi.

Kisha pelekeni karatasi mahakamani ithibitishwe, likidatere athibitishwe pamoja nayo, na mwombe ile amri ya warithi kwa ajili ya konservatere. Chukueni hati ya kifo komine mapema. Bila hiyo hakuna kinachoanza.

Mimi bado niko hai. Nipange vipi nisiwaachie vita?

Sheria inakubali wosia mbele ya notere au afisa wa hali ya raia, wosia ulioandikwa wote kwa mkono wako, wenye tarehe na sahihi, na hata wa mdomo kwa anayeona kifo kiko karibu, mbele ya mashahidi. Wosia hauwezi kugusa sehemu ya watoto, yaani robo tatu. Faraidhi nayo inaruhusu wasia mpaka theluthi moja, na usiwe kwa mrithi ila warithi wengine wakikubali. Mwislamu anayebaki ndani ya robo ameheshimu pande zote mbili: msikiti, yatima, mtoto wa nje, mpwa aliyemlea, wote wanaweza kuingia humo.

Mwenye mabibi wawili asitegemee wosia. Ampe bibi wa pili kitu akiwa hai, hiba kamili, kwa jina lake, na funguo azishike. Ila kama kitu hicho kilichumwa pamoja na bibi wa kwanza, hakiwezi kutolewa bila yeye kukubali. Mzungumzo huo ni mgumu, ndiyo. Mtu aliyeweza kuoa mara mbili aweze na huo.

Dini zetu ni tofauti: baba Mwislamu, sisi tumebatizwa.

Mahakama haiulizi dini ya mrithi. Kwa wanazuoni wengi asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu, lakini anaweza kupewa wasia. Kama ndugu zenu wanakazia hapo, msipoteze miezi: Tripaix.

Na décompte final (malipo ya mwisho ya kazi), na pensheni?

Mshahara ambao kampuni ilikuwa inadaiwa unaingia mirathi kama mali nyingine. Pensheni ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, ya mjane na yatima haingii. Inalipwa kwa wale sheria ya hifadhi ya jamii iliowataja. Ndugu wa marehemu hana cha kudai humo, wala imamu hana cha kugawa.

Marehemu alikuwa na nyumba Dar es Salaam.

Nyumba inafuata sheria ya nchi iliko. Hukumu ya Lubumbashi haitoshi kule. Tafuteni wakili wa huko, na mpeleke hati ya kifo iliyothibitishwa na kutafsiriwa.

Nimeitwa na OPJ (afisa wa polisi wa upelelezi) kwa ajili ya mirathi. Niende?

Nenda, na uende na avoka. Lakini ujue OPJ hagawi mirathi. Anashughulika na wizi, vitisho, kipigo, karatasi za uongo, mauzo ya mali isiyo yako. Akianza kusema nani apate chumba kipi, au akikutaka utie sahihi "makubaliano" mezani kwake, sema kwa adabu kwamba utajibu mahakamani. Usiache sertifika ya asili pale, toa kopi.

Sina pesa za avoka.

Komine inaweza kukupa hati ya kuwa huna uwezo, na kwa hati hiyo unaomba mahakama ikusamehe gharama. Baraza la mawakili lina ofisi ya ushauri wa bure. Parokia nyingi zina kamati ya Haki na Amani inayosaidia hata wasio Wakatoliki. Mtetezi wa mahakama, yule anayeitwa défenseur judiciaire, naye anaruhusiwa kusimama Tripaix na Grande Instance, na mara nyingi bei yake iko chini.

Ndugu anaweza kunyimwa mirathi kwa sababu alimtupa marehemu?

Ndiyo, ila si kwa kura ya kilio. Kifungu cha 765 kinataja wasiostahili: aliyehukumiwa kwa kumwua marehemu, aliyeacha kwa makusudi kumtunza katika ugonjwa wake wa mwisho akiwa na wajibu huo, aliyevunja uhusiano naye kwa kusudi, aliyetumia udhaifu wake wa mwili au akili kumnyang'anya mali, aliyeficha au kuharibu wosia. Linahitaji ushahidi mbele ya jaji.

Hukumu imetoka na siridhiki.

Una siku 30 za kukata rufaa, zikihesabiwa tangu uletewe hukumu rasmi na karani wa mahakama. Andika tarehe aliyokuja, na saa. Kikao kingine cha imamu au cha pastere katikati hakisimamishi siku hizo.